Mpimaji Tuliyemwachia Lawama

Mtaje leo pale apatimenti zetu uone. Mmoja atasonya, mwingine atageuza uso, na wa tatu atakuuliza kama huna mtu mwingine wa kumzungumzia. Alifariki mwaka huu theluji ilipoanza kuyeyuka, nyumbani kwa mpwa wake Saint Paul, na kutoka kwetu tulikwenda kumzika watu wanne. Wanne! Mtu aliyebisha kila mlango wa pale kwa mkono wake mwenyewe. Wanasema alituuza. Mimi nina neno langu katika habari hiyo na nitalisema mahali pake, lakini kwanza nataka mumjue alivyokuwa, maana si haki mtu kuachwa na sifa moja tu, tena ya uongo.

Tulimwita Mpimaji, hata watoto. Kwao mashariki ya Kongo alikuwa mpima ardhi wa serikali, yule anayekuja na kamba na vigingi kuamua kiwanja cha huyu kinaishia wapi na cha jirani kinaanzia wapi. Huku Minnesota akawa muosha vyombo katika mkahawa wa ofisi moja kubwa Eden Prairie. Sikumsikia akilalamikia vyombo hata siku moja. Alilalamikia miguu ya watu. "Mama Saumu," ananiambia, "watu ya huku wanajua barabara tu. Udongo hawaujui." Yeye gari hakulitaka. Kazini alikwenda kwa miguu, dukani kwa miguu, na mahali penyewe ni pale ambapo hata mbwa wanapelekwa kutembea kwa gari. Akipita, unaona midomo inacheza. Anahesabu hatua.

Saumu ni binti yangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi yangu kulea wazee majumbani mwao, na wikendi nakaanga mahamri na sambusa za kuuza. Apatimenti zetu ni mafungu mawili, moja mashariki na moja magharibi ya barabara kuu ya jimbo, magari yanapita pale kama yanafukuzwa. Pande zote mbili wamejaa Wakongo, karibu wote wa kanisa moja, na katikati yao sisi nyumba tatu za watu wa Pwani. Kanisa lenyewe ni ukumbi wa kukodi upande wa magharibi. Mimi na Mpimaji tulikaa mashariki, mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo nilimjua kwa harufu ya chakula chake na kwa kikohozi chake.

Siku moja polisi walimsimamisha. Mtu wa yale majumba makubwa yaliyo karibu na ziwa alipiga simu kwamba kuna mwanamume mwenye koti refu amesimama kwenye ua, anachungulia chini na kusema peke yake. Nikapigiwa simu nitafsiri. "Mwambie afande," Mpimaji akasema, wala hana wasiwasi, "maji ya masika yatapita hapa, yataingia katika nyumba ya huyu bwana. Mtaro wameuchimba vibaya." Nikatafsiri. Afande akacheka, akamwambia aende zake. Basi theluji ilipoyeyuka yule bwana alikuwa nje na ndoo, anachota maji kwenye gereji yake. Mpimaji alipita pale akiwa na mfuko wake wa mkate, akamwamkia kwa heshima, hakusema neno. Ningekuwa mimi ningesema, wallahi.

Alikuwa na neno lake, "Tupime tena." Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, tupime tena. Mume na mke wakigombana wakaja kwake kama mzee wa kanisa, anamsikiliza mmoja, anamsikiliza wa pili, halafu anasema haya, tupime tena, anaanza upya tangu mwanzo mpaka wanachoka kugombana. Mimi nilikuwa namwambia, "Mzee, wewe ungepewa siku ya kiyama uisimamie, tungesimama kwenye foleni milele." Anacheka mpaka anashika mbavu.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, na akishika lake hasikii. Aligombana na kwaya miezi miwili kwa sababu ya ukubwa wa spika. Alipenda mieleka ya kwenye televisheni, ile ya watu wanene waliojipaka mafuta, na ukimwambia ni maigizo anakasirika kweli kweli. Ramadhani moja alinitangazia kwamba atafunga nami siku ya kwanza ili nisifunge peke yangu, Saumu akiwa chuoni. Nikafurahi. Saa tano asubuhi nikabisha kwake kumjulia hali, nikamkuta na mkate mdomoni. Alinitazama kama mtoto. "Mama Saumu," akasema, "nilikuwa napima njaa." Lakini Idi alikuja na tai shingoni, akala pilau sahani mbili, akamwombea dua mama yangu ambaye hakumjua.

Na hili ndilo mnapaswa kulishika, kwa sababu bila hili hamtaelewa kitu. Mtu huyu hakuandika anwani yake popote. Sanduku lake la barua halikuwa na jina. Barua zake zote zilikwenda kwa mpwa wake Saint Paul, naye mwisho wa mwezi anapanda basi kuzifuata. Nami nikamtania, "Mzee, umeua mtu?" Siku hiyo hakucheka. Akaniambia kwamba kule kwao wapo watu waliofuatwa mpaka kitandani, na waliowafuata walikuwa na karatasi mkononi, na karatasi hiyo iliandikwa na mtu aliyewajua. Hakuniambia zaidi na mimi sikuuliza. Wenzake wote pale walikuwa hivyo hivyo. Ukimwuliza Mkongo wa pale kwetu anaishi wapi, atakutajia kanisa, au nyumba ya binamu yake, au atakuambia "hapa karibu." Walishapoteza watu kwa sababu ya orodha.

Mambo ya ramani yalimjia kwa sababu ya mama wa kwaya. Huyu ni mama mpole, mwimbaji, anakaa upande wetu wa mashariki. Jumapili moja, akivuka barabara kwenda kanisani, gari lilimpiga. Mguu haukurudi kuwa mguu. Pale hapana kivuko, hapana taa, na barabara ni ya jimbo, kwa hiyo hata mji haukuweza kuweka chochote bila fedha za bunge la jimbo. Mpimaji akapima. Alikaa kando ya barabara ile siku tatu na futi yake ya fundi, akachora wapi kivuko kiwekwe na wapi taa, kazi safi. Tukampelekea mbunge wetu wa wakati ule. Na mbunge akaja! Alikuja kwa miguu yake, akasimama pale, upepo wa magari unampeperusha tai, akasema atalipeleka jambo hilo bungeni.

Saumu hakuamini. Alijibu kwa Kiingereza chake, kama kawaida ya vijana wa huku, kwamba wabunge hawaji kwa watu kama sisi. Mpimaji akachukua sahani yangu ya mahamri akamweleza. Ninaikumbuka meza ile mpaka kesho. Alikusanya mahamri sita pembeni ya sahani. "Hawa ni sisi," akasema. "Uchaguzi uliopita wale wagombea wawili walikaribiana sana. Sita wakikaa sahani moja, huyu bwana bila sisi hapiti. Njo maana alikuja." Halafu akaleta sahani ya pili, iliyojaa sambusa, akahamishia huko mahamri matatu. "Sasa tuko watatu huku, watatu kule. Wale ni wengi kila sahani. Nani atatuuliza kitu?" Saumu akauliza nani anayehamisha mahamri. "Mwenye kushika kalamu," akasema, na akala moja.

Akatueleza kwamba kila baada ya sensa, miaka kumi kwa kumi, mipaka ya maeneo bunge huchorwa upya, na kwamba chama kikishika kalamu hujichorea wapigakura wake kabla wapigakura hawajakichagua. Hapa kwetu vyama vilikuwa viwili vinavutana bungeni, na ilijulikana kwamba vikishindwa kuelewana majaji ndio watakaochora. Lakini kila chama kingewaletea majaji ramani yake, na raia nao wangeruhusiwa kusema. "Tuseme mapema," Mpimaji alituambia, "kwamba sisi ni watu wamoja, tuwekwe fasi moja, eneo moja." Nilimwona siku zile kama mtu aliyerudishiwa kazi yake. Alinunua karatasi kubwa za kuchorea. Penseli aliichonga kwa wembe.

Alichora karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa duara tu, limezunguka mafungu yote mawili ya apatimenti na kanisa, na maelezo mafupi. Hiyo ndiyo ya kupeleka. Ya pili ilikuwa ya kwetu wenyewe. Ilikuwa na kila jengo na kila mlango, na penye mtu aliyekula kiapo cha uraia akaweza kupiga kura aliweka nukta nyekundu. Aliitaka hiyo ya pili ili siku ya kura ajue nani wa kukumbushwa na nani hana gari. Ilimchukua miezi. Alibisha mlango baada ya mlango, na kwa kila mlango alisema maneno yale yale, nilimsikia kwa masikio yangu: "Karatasi hii haitatoka katika mkono yangu." Na watu wale, ambao hata daktari walimficha anwani, walimwambia. Wamsimulie nani tena kama si yeye? Mama wa kwaya ndiye aliyemshika mkono wakaenda pamoja kwa wale waliokataa.

Kisha akaja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, skafu ya buluu, sauti ya chini, ametumwa na kimoja cha vile vyama viwili kuja kusikiliza jamii, ndivyo alivyosema. Chama gani sitasema, kwa sababu sina hakika kwamba kile kingine kingetenda tofauti. Alikuja kwa Mpimaji saa nane mchana. Mimi nikapeleka chai ya tangawizi na mahamri ya moto, nikakaa kutafsiri. Mgeni alikula vizuri. Akauliza habari za barabara, akamsikitikia mama wa kwaya mpaka macho yakamlowa, na mimi, mjinga, nikampenda.

Mpimaji akamtandikia ile karatasi ya duara. Mgeni akaisifu. Halafu akauliza, hivi, kama mtu anayeulizia sukari: je, mnajua ni wangapi wenu wanaopiga kura, na wanakaa wapi hasa? Ingesaidia sana kuonyesha nguvu yenu. Karatasi ya pili ilikuwa pale pale mezani, imefunikwa. Mpimaji akaweka kiganja chake juu yake. "Mwambie duara inatosha," akaniambia.

Haya, nalisema sasa. Sikumwambia mgeni hivyo. Nilimgeukia Mpimaji nikamkaripia, kwa Kiswahili, mgeni akitabasamu. "Mzee, usitutie aibu. Mtu amekuja nyumbani, amekula, tunamwonyesha nusu? Atasema tunaficha. Wacha waone tuko wengi!" Kwetu tumelelewa hivyo. Mgeni haonyeshwi nusu ya kitu. Ukimfungulia mlango umemfungulia. Mama yangu alikuwa akimpa mgeni kuku mzima, sisi tukala mchuzi, na mimi nilidhani ile karatasi ni kuku. Mpimaji akasema, "Niliwaahidi." Nikamwambia, "Hii ni kwa faida yao." Kisha nikanyoosha mkono wangu mimi, huu huu ninaoandikia, nikaiondoa karatasi chini ya kiganja chake, nikaitandaza mbele ya mgeni.

Angeweza kunipokonya. Alinitazama tu. Halafu, kwa kuwa karatasi ilikuwa inajikunja, akaweka vidole viwili kwenye pembe kuishika, asinifedheheshe mbele ya mtu. Mgeni akapiga picha tatu kwa simu yake. Akatushukuru sana.

Ramani ya chama kile ilipotoka, Saumu aliifungua kwenye kompyuta yake. Mstari wa mpaka unakuja kutoka mbali ukifuata kijito, maili baada ya maili, umetulia. Ukifika kwetu unaacha kijito, unapanda kilima, unaingia katikati ya barabara kuu, unapita baina ya mafungu yetu mawili. Ukishatupita unashuka tena kijitoni kuendelea na safari. Mashariki tumetupwa pamoja na majumba ya ziwani. Magharibi wametupwa pamoja na majumba ya uwanja wa gofu. Roho ilinipasuka, lakini nilijitia hamnazo. Nikasema labda ni bahati mbaya.

Mpimaji akasema tupime tena. Jumamosi tatu alitembea mstari ule kwa miguu, na baridi ilikuwa imeshaanza kuuma, mimi nikimfuata polepole na gari, taa za tahadhari zinawaka, watu wananipigia honi. Maili mbili mbele kuna apatimenti nyingine, kubwa kuliko zetu, wamejaa wahamiaji waliokuja juzi, bado si raia. Mstari ulizipita bila kuzigusa. Akarudi akaingia garini, viatu vimelowa, akatazama mikono yake. "Mkono uliochora hii," akasema, "ulijua milango." Niliwasha gari.

Kuna mtu ataniuliza, je, una hakika? Sina. Labda wangetukata hata bila karatasi, wana kompyuta zao na hesabu zao. Lakini majaji walipotoa ramani ya mwisho, walirekebisha mengi kwingineko, na kwetu mstari ulibaki pale pale barabarani. Ukiutazama kwenye karatasi hauna kosa lolote. Barabara ni mpaka mzuri, nani atabisha? Uchaguzi ukapita, tukapata wabunge wawili wapya. Wa mashariki akatuandikia kwamba kivuko kingeishia upande wa mwenzake. Wa magharibi akatuandikia kwamba kingeanzia upande wa mwenzake. Barua zote mbili zilikuwa za adabu.

Ni yeye mwenyewe aliyewaambia watu. Ramani ya mwisho ilipotangazwa, Jumapili ile baada ya ibada alimwomba mchungaji nafasi, akasimama mbele ya ukumbi na koti lake. Hakuna aliyejua kitu! Angenyamaza wangemlaumu Mungu au serikali, basi. Yeye akasema, "Ile karatasi ya milango yenu niliyosema haitatoka, ilitoka. Nadhani ndiyo waliyotukatia." Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma na trei yangu ya sambusa, nilizoea kuwauzia baada ya ibada.

"Ilitoka vipi?" mchungaji akauliza. "Nani aliitoa?"

Nilikuwa na muda. Msije mkadhani ilikuwa haraka. Mpimaji alinyamaza kwanza, na katika kunyamaza kule nilikuwa na muda wa kusimama, kutembea mpaka mbele, na kusema. Nikawaza kwamba mimi si wa kanisa lao, mimi Mswahili na buibui langu, nikisema hawatanunua kwangu hata kitumbua, hawatamsalimia Saumu, tutahama tena. Hakunitazama hata kidogo. Kama angenitazama ningesimama, nadhani. Najiambia hivyo.

"Mimi," akasema Mpimaji.

"Walikulipa nini?" mtu akapaza sauti.

"Hakuna. Tulikunywa chai."

Mtu akacheka kicheko kibaya. Akasema kumbe tumeuzwa kwa kikombe cha chai. Maneno hayo yakabaki kuwa jina lake. Mama wa kwaya aliinuka na fimbo yake, akasogea mpaka mbele ya Mpimaji, akamwambia polepole, "Nilikushika mkono. Nilikupeleka kwa watu wangu." Akatoka nje. Wengine wakamfuata. Wapo waliohama mwezi ule ule, kwa hofu tu, hata mkataba wa nyumba haujaisha, kwa sababu sasa milango yao iko kwenye simu ya mtu wasiyemjua. Mpimaji alibaki amesimama mpaka ukumbi ukaisha watu. Mimi nilipita mlango wa nyuma na trei yangu.

Baada ya majuma mawili alihamia kwa mpwa wake. Alibisha kuniaga, akanipa sufuria yangu aliyokuwa nayo. Nikamwambia, "Mzee, mimi..." Akaniambia, "Haina mambo, Mama Saumu." Kisha akashuka ngazi.

Ilinichukua miaka miwili na ushei kwenda Saint Paul. Mwendo wa nusu saa kwa gari! Kila nikipanga nasema wiki ijayo. Mwishowe, siku chache kabla ya uchaguzi mwingine, nikapiga moyo konde nikaenda. Mpwa wake alikuwa kazini. Nikamkuta jikoni peke yake, anachambua sombe, kisamvu cha kwao, amekonda uso, shingo imekuwa nyembamba kwenye kola. Alifurahi! Akapangusa kiti kwa mkono wa shati lake, akaniuliza habari za Saumu, habari za magoti yangu. Nikaona akiendelea hivyo nitaondoka bila kusema.

"Mzee, Jumapili hii nasimama kanisani."

"Kusema nini?"

"Kwamba mimi ndiye niliyeitoa karatasi chini ya mkono wako. Wewe ulikataa."

Akaacha kuchambua. "Siku ya kura, nani anawaonyesha watu fasi ya kwenda?" akaniuliza.

"Mimi." Na kweli ilikuwa kazi, maana wa mashariki sasa wanapigia kwenye shule ya msingi na wa magharibi kwenye kituo cha zimamoto, ndugu kwa ndugu wametengana, mtu anakwenda mahali pasipo pake, anaambiwa si hapa, anarudi nyumbani kulala. Nilikuwa nimeanza kuwapeleka kwa gari langu.

"Pande mbili zote?"

"Zote mbili."

"Na wanakusikia?"

"Wananisikia."

"Basi ukisema, watabaki na nani?"

Nikamwambia, "Na wewe je? Wanakutukana, Mzee. Mpaka watoto." Sauti ilinipanda, nilikuwa na hasira naye, haki ya Mungu, hasira ya mtu aliyekuja kutua mzigo akarudishiwa begani.

"Mimi niliahidi," akasema. "Mkono ulikuwa yangu. Ningebana, usingeweza kuitoa." Akachukua majani mengine. "Wamechoka kuogopa wale wenye kalamu. Wakikuogopa na wewe hawatatoka tena kupiga kura. Nyamaza tu, Mama Saumu. Ninakuomba."

Kisha akauliza, bila kuinua macho, kama mama wa kwaya anavuka. Nikamwambia havuki. Kanisani haendi ila apate mwenye gari, na Jumapili nyingi hapati, anaimba peke yake jikoni, tunamsikia ukutani. Mpimaji alijaribu kuendelea na majani yake. Mabega yakaanza kumtikisika. Alilia kwa sauti, mzee mzima, mikono yake mibichi ya sombe ikiwa hewani hajui aiweke wapi, nami nikakaa pale nikamshika viwiko. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Siku ya uchaguzi niliomba ruhusa kazini. Asubuhi nikawapeleka wa magharibi kwenye kituo cha zimamoto, safari nne. Mchana nikawachukua wa mashariki, na wa mwisho akawa mama wa kwaya, kwa sababu ya mguu. Nikamshika mpaka ndani, nikamngoja, nikamrudisha kwenye gari, kijikaratasi cha kuonyesha amepiga kura kimebandikwa kwenye koti lake. Alikuwa na furaha. Alisimama kwanza kabla ya kuingia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Saumu," akasema, "wewe wa dini ingine, lakini ndiwe mutu tuliyebaki naye. Wewe hujatuficha kitu hata siku moja."

Mpimaji alikuwa bado hai siku ile, ng'ambo ya mto tu, kule Saint Paul. Nikamwambia mama wa kwaya ahsante, nikamfungulia mlango wa gari.